MZEE KOCH, PAPASI WA NJIA YA MOROGORO NA HII UTI YETU YA KILA SIKU



Leo naomba tukae kidogo na mtu aliyekufa zaidi ya miaka 110 iliyopita. Ni Mjerumani, daktari, mzee wa miwani na ndevu, jina lake Robert Koch. Najua wengi mlikutana naye kwenye baiolojia, mkamkariri kwa ajili ya mtihani, mkamwacha hukohuko darasani. Hata mimi nilifanya hivyohivyo. Nimemrudia kwa sababu ya UTI.

Si mnajua hali ilivyo mjini hapa. Ukiingia zahanati na homa, kichwa kinagonga na kiuno kinauma, unatoka na moja kati ya majibu matatu: malaria, taifodi au UTI. Siku hizi UTI ndiyo inaongoza. Mtaani kwetu mtoto ana UTI, mama yake ana UTI, konda wa daladala naye ana UTI, na wewe unayesoma hapa huenda una dozi yake mfukoni. Mkojo unachovywa kijiti, kijiti kinabadilika rangi, au mtu wa maabara anachungulia kwenye hadubini anaona chembe za usaha, basi, chukua dawa. Ni bakteria gani hasa aliyeko humo ndani? Hakuna anayeuliza, hakuna anayejibu.

Kuna utafiti mkubwa unaitwa HATUA uliofanyika Kenya, Uganda na kwetu Tanzania (kwetu ilikuwa Mwanza, Kilimanjaro na Mbeya). Walichukua mkojo wa watu zaidi ya 7,500 waliofika vituo vya afya wakiwa na dalili za UTI, wakauotesha maabara. Waliokutwa na maambukizi ya bakteria kweli walikuwa kama 35 tu katika kila 100. Hao wengine wote walikuwa wanaumwa, sikatai, ila kipimo cha kuotesha hakikuonyesha UTI. Fikiria sasa vidonge vinavyomezwa bure nchi nzima.

Kuotesha bakteria kwenye sahani mpaka aonekane, atajwe kwa jina lake, ajulikane anakufa kwa dawa gani: hiyo ndiyo kazi ya Koch. Na mzee huyu sio mtu wa Ulaya tu. Mwaka 1905 alikuwa nchini humu, akiokota kupe kwenye njia ya misafara iliyotoka Dar es Salaam kwenda bara kuelekea Iringa. Ni njia ileile ya zamani ya kupita Morogoro, chini ya Uluguru. Lakini tuanze mwanzo.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Mtoto wa mlimani kabisa, kama Mluguru wa Mgeta, ila kwao riziki ilikuwa machimbo ya madini badala ya mboga. Baba yake alikuwa ofisa wa machimbo na nyumba ilikuwa na watoto 13. Robert alikuwa wa tatu. Akasoma udaktari Chuo Kikuu cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake pale alikuwa Jacob Henle, ambaye tangu 1840 alikuwa ameandika kwamba magonjwa ya kuambukiza yanaletwa na viumbe hai vidogo sana. Tatizo, Henle hakuwa na ushahidi. Ilikuwa hoja nzuri tu ya mtu mwenye akili, na wenzake wengi waliendelea kuamini hewa mbaya ndiyo inayoua.

Mwaka 1867 Koch akamwoa Emmy Fraatz, mwaka uliofuata wakapata binti, Gertrud, ambaye alikuwa mtoto wao pekee. Inasimuliwa kwamba ndoto ya kijana ilikuwa kuwa daktari wa meli aizunguke dunia, mke hakutaka kusikia. Basi akahangaika mji huu na mji ule kutafuta wagonjwa, akaenda vitani kama daktari vita vya Ujerumani na Ufaransa vya 1870, na mwaka 1872 akaangukia Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland na unaitwa Wolsztyn. Kazi yake ilikuwa daktari wa wilaya. Hebu mwone hapo: hana chuo, hana msaidizi, hana maktaba ya maana. Ni kama daktari wa leo aliyepangiwa kijiji cha mwisho wa barabara. Mke wake akampa zawadi ya hadubini. Jamaa akatenga sehemu ya chumba cha wagonjwa kwa pazia, upande mmoja anatibu, upande wa pili anafanya mambo yake.

Wilaya hiyo ng'ombe na kondoo walikuwa wanakufa kwa kimeta. Kimeta tunakijua hata sisi, wanyamapori na mifugo huku kaskazini hukipata mpaka leo. Wataalamu wengine walikuwa wameshaviona vijiti vidogo kwenye damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta. Swali lilikuwa, je, vijiti ndivyo vinavyoua, au ni takataka tu zilizojitokeza baada ya mnyama kufa? Koch alichukua vipande vya mti, akavichovya kwenye damu hiyo na kuwachoma nao panya. Panya wakafa. Akachukua kutoka kwa panya aliyekufa kumpa mwingine, na mwingine, na mwingine, vijiti ni vilevile. Bado hakuridhika. Damu ina vitu vingi, utajuaje sio kitu kingine kilichomo? Akachukua maji ya jicho la ng'ombe, akaviotesha vijiti humo peke yao, nje ya mwili wa mnyama, akakaa anaviangalia vinavyorefuka kuwa nyuzi na kutoa mbegu ngumu. Mbegu hizo ndizo zinazokaa ardhini miaka, ndiyo maana malisho yaliwahi kuua mifugo hata kama hakuna mnyama mgonjwa karibu. Akawachoma panya kwa vile alivyootesha. Wakafa kwa kimeta.

Mwaka 1876 alibeba vifaa vyake na panya wake akaenda Breslau kwa Profesa Ferdinand Cohn, akarudia majaribio yote mbele ya wakubwa wa chuo. Alikuwa na miaka 32. Waliomwona hawakubisha tena.

Serikali ikamwita Berlin mwaka 1880 kwenye Ofisi ya Afya ya Dola. Sasa akapata maabara na wasaidizi, na hapo ndipo tunapofika kwenye mkojo wako.

Shida ya wakati ule ilikuwa mchanganyiko. Watu walikuwa wanaotesha bakteria kwenye supu. Ukitia tone la usaha kwenye supu, wanaota bakteria aina tano kwa pamoja, wanaogelea wote, huwezi kujua nani ni nani. Inasimuliwa kwamba Koch aliona kiazi kilichochemshwa, kimekatwa, kimeachwa wazi, kikaota vidoa vya rangi mbalimbali. Akachungulia kidoa kimoja kimoja: kila kidoa kina bakteria wa aina moja tu! Kwenye kitu kigumu bakteria hawezi kuogelea. Anapotua hapohapo anazaa, watoto wanarundikana, kinatokea kichuguu kidogo cha ukoo mmoja. Ukigusa kichuguu hicho kwa sindano umemshika mmoja peke yake. Rahisi hivyo, na hakuna aliyewahi kuifanya njia hiyo iwe ya kazi ya kila siku kabla yake.

Lakini viazi sio kila bakteria anavipenda, akajaribu jelatini, na mwaka 1881 akaionyesha London mbele ya mkutano wa madaktari wa dunia. Jelatini nayo ina ugonjwa wake, kwenye joto la mwili inayeyuka na kuwa uji. Aliyeokoa jahazi ni mama mmoja, Fanny Hesse, mke wa daktari Walther Hesse aliyekuwa akifanya kazi kwa Koch. Yeye jikoni kwake alikuwa anagandisha vitafunwa kwa agari, kitu kinachotokana na mwani mwekundu. Sio mwani huu wa Paje na Jambiani, ila ni jamaa zake. Akamshauri mumewe waijaribu, na agari ikabaki ngumu kwenye joto la nyuzi 37. Mwaka 1887 msaidizi mwingine, Julius Petri, akabuni sahani bapa yenye kifuniko. Petri jina lake liko kwenye kila sahani ya maabara duniani. Mama Hesse hakupata kitu, hata jina. Hili mimi linaniudhi kila nikilisoma.

Haya, sasa nenda kwenye maabara yoyote inayootesha mkojo leo uone kama kuna tofauti. Mtaalamu anachukua mkojo wa katikati (sio ule wa kwanza unaosafisha njia), uliofika mapema, maana mkojo ukikaa mezani zaidi ya saa mbili bila friji bakteria wanazaliana humo na majibu yanadanganya. Anachovya kitanzi kidogo cha waya, anapaka kwenye sahani ya agari, anaweka kwenye joto la nyuzi 37 mpaka kesho yake. Kesho anahesabu vichuguu. Tangu miaka ya 1950, kwa kazi ya Mmarekani Edward Kass, kipimo kinachotumika sana ni bakteria 100,000 kwa mililita moja. Wakifika hapo na ni wa aina moja, huyo ndiye mshitakiwa.

Mara nyingi mshitakiwa ni E. coli, bakteria wa utumbo aliyeelezwa mwaka 1885 na Theodor Escherich. Nyuma yake wanafuata kina Klebsiella, Enterococcus, na Proteus ambaye anatambaa sahani nzima kama mawimbi na anaweza kusababisha mawe kwenye figo. Hao wanajulikana. Ila kuna wageni wachache ambao njia ya kawaida inawakosa kabisa. Aerococcus urinae, kwa mfano, anapenda sana wazee. Kwenye hadubini anafanana na bakteria wa ngozi, kwenye sahani anafanana na bakteria wa mdomoni, basi anaandikwa uchafu na sahani inatupwa. Kumbe akiachwa anaweza kuingia kwenye damu mpaka kwenye vali za moyo. Mwingine ni Actinotignum schaalii. Huyu haoti vizuri kwenye hewa ya kawaida, anataka kaboni dayoksaidi na siku mbili za kusubiri. Kijiti cha kuchovya nacho hakimwonyeshi kwenye kile kipimo cha naitraiti. Na mara nyingi hasikii Septrini wala sipro, yaani zilezile tunazonunua dukani bila cheti. Maabara kubwa sasa zina mashine inayopima uzito wa protini za bakteria na kulinganisha na orodha, inamtaja kwa dakika chache. Lakini hata mashine hiyo inataka kwanza kichuguu cha ukoo mmoja juu ya sahani. Kiazi cha Koch bado kiko palepale.

Na kuna mwingine ambaye hata sahani ya kawaida ukimwekea wiki nzima haoti. Huyu ndiye aliyempa Koch jina.

Tarehe 24 Machi 1882, jioni, Berlin, Koch alisimama mbele ya Chama cha Fiziolojia akaeleza kwamba amempata anayesababisha kifua kikuu. Wakati huo, kwa hesabu aliyoitaja mwenyewe, kifua kikuu kilikuwa kinaua mtu 1 kati ya 7. Wengi waliamini ni ugonjwa wa kurithi wa ukoo dhaifu. Bakteria wake ana koti la nta, rangi za kawaida haziingii, Koch akahangaika na rangi mpaka akampata ya bluu. Na kumwotesha ndiyo ilikuwa kazi. Alitumia maji ya damu yaliyogandishwa, siku zinapita sahani iko tupu. Mtu mwingine angetupa. Yeye alisubiri mpaka wiki ya pili ndipo vikaonekana vidoa vidogo vikavu. Akawapa simbilisi, wakaugua kifua kikuu kilekile. Siku hiyo ya Machi ndiyo leo Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Jina la ugonjwa linatudanganya, wadau. Kifua kikuu sio cha kifua tu. Kinaweza kukaa kwenye figo na kibofu, na mgonjwa akakojoa mara kwa mara, kwa maumivu, pengine na damu. Nasema hivi nikiwa na mtu wa nyumbani. Mama yangu mdogo, anauza uji na vitumbua asubuhi, alitibiwa UTI miezi minane mfululizo. Sitaji ni wapi. Kila akienda kijiti kinaonyesha usaha, kila akirudi ana dozi mpya, ya vidonge, ya sindano, ya vidonge tena. Akakonda, akaacha biashara, watu wakaanza maneno yao ya mtaani. Mwishowe akakutana na dada mmoja wa maabara, kijana tu, akamuuliza kama mkojo umewahi kuoteshwa. Ukaoteshwa. Haukuota kitu. Wengine tukafurahi kwamba hana ugonjwa. Yule dada ndiye aliyesema hapana, usaha mwingi na hakuna kinachoota maana yake tunamtafuta mtu asiyeota hapa. Mkojo wa asubuhi ukapelekwa kwenye mashine ya GeneXpert, ikasoma kifua kikuu. Akaanza dawa za miezi sita, akazimaliza, uji unauzwa. Mjomba mpaka leo anaona ni muujiza. Mimi naona ni mtu mmoja aliyekataa kuamini sahani tupu.

Na kwa watu wa Moro hili la kifua kikuu lina fahari yake. Pale SUA tangu mwaka 2000 kuna shirika la APOPO linalofundisha panyabuku, wale panya wakubwa wa porini, kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja anapita sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo mtu na hadubini ni ya siku kadhaa. Wakigusia sampuli ambayo kliniki iliipitisha kuwa safi, inarudiwa kuhakikiwa maabara. Ni makohozi hayo, sio mkojo, msije mkaanza kupanga foleni na vikopo SUA.

Turudi kwa mzee, maana mpaka hapa amekuwa kama malaika, na hakuwa.

Baada ya kipindupindu, ambacho alikifuata Misri mwaka 1883 na kukimaliza Calcutta mwaka 1884, Koch alikuwa mtu maarufu kuliko mawaziri. Mwaka 1890 akatangaza Berlin kwamba ana dawa ya kifua kikuu. Aliiita tuberculin, akaficha imetengenezwaje. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila upande, wengine wakiwa hoi. Ndani ya miezi michache ukweli ukatoka: haiponyi, wengine inawazidishia, wengine walikufa. Yule aliyewaambia wenzake wasiseme kitu mpaka wamethibitisha hatua kwa hatua, yeye mwenyewe aliruka hatua. Tuberculin ilipata kazi baadaye kama kipimo cha ngozi cha kujua nani ameambukizwa, lakini kama tiba ilikuwa aibu. Katikati ya mambo hayo ndoa yake ikavunjika, na mwaka 1893 akamwoa Hedwig Freiberg, binti mdogo kwake kwa miaka karibu 30. Berlin ilisema weee.

Alikosea na kingine. Mwaka 1901 alisimama London akadai kifua kikuu cha ng'ombe si tishio la maana kwa binadamu, kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika na maziwa. Sio kweli, kinapita, hasa kwa maziwa yasiyochemshwa.

Ile ndoto ya meli sasa ikatimia uzeeni. Mwaka 1896 alikwenda Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka iliyokuwa inafyeka ng'ombe, kutoka huko akaenda India kwenye tauni, na mwaka 1897 akashuka Dar es Salaam akakaa mpaka 1898. Hapo alishughulika na vitu vingi. Alithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa unaua watu Kiziba, upande wa Bukoba, ni tauni. Aliangalia damu ya ng'ombe wa pwani, akaona vimelea vidogo akadhani ni ugonjwa mwingine wa Marekani, kumbe ilikuwa ndigana kali, na hakulijua kosa mpaka alipokwenda Bulawayo mwaka 1903.

Akashughulika na mkojo pia. Wazungu wa koloni walikuwa wanakufa kwa homa ya mkojo mweusi, mtu ana malaria, ghafla anakojoa rangi ya kahawa. Koch alitafuta kimelea chake maalumu hakukiona, akasema nyingi kati ya hizo ni sumu ya kwinini yenyewe inayotumiwa ovyo. Leo inajulikana ni malaria kali inayopasua chembe nyekundu za damu mpaka rangi yake inatokea kwenye mkojo, na kwinini ya kumeza leo, kuacha kesho, ilikuwa na mchango wake. Hakupata yote, ila hakubuni kijidudu ambacho hakukiona.

Safari ya 1905 ndiyo yetu. Kulikuwa na homa inayompata msafiri, inamwachia siku kadhaa, inarudi, inamwachia, inarudi. Wenyeji walijua siku nyingi kwamba inaletwa na papasi, yule kupe laini anayejificha kwenye nyufa na vumbi la sakafu ya udongo na kutoka usiku kunyonya damu. Vibanda vya kupumzikia wapagazi njiani vilikuwa vimejaa papasi. Reli haikuwa imefika hapa Morogoro, ilifika 1907, kwa hiyo kila mzigo ulipita kwa kichwa cha mtu na kila mtu alilala kwenye vumbi hilo. Koch aliwakusanya papasi kituo kwa kituo, akawapasua chini ya hadubini, akakuta bakteria wembamba waliojikunja kama parafujo. Halafu akafungua mayai. Walikuwemo. Yaani papasi anazaliwa na ugonjwa, hahitaji kumuuma mgonjwa kwanza, ndiyo maana kibanda kilichoachwa muda mrefu bado ni hatari. Yeye na watu wake walipiga mahema mbali na vibanda hivyo. Aliona pia kwamba wenyeji waliokulia kwenye papasi hawaugui sana, mgeni ndiye anayeanguka.

Haki itendeke: hakuwa peke yake. Wakati huohuo Joseph Dutton na John Todd walikuwa wanafuata homa hiyohiyo Kongo, na Dutton aliiugua na kufa Kasongo Februari 1905 akiwa na miaka isiyozidi 30. Bakteria huyo leo anaitwa kwa jina lake, Borrelia duttonii.

Koch alipita pia Amani, Usambara, kuchunguza ndorobo. Mwaka huohuo wa 1905 Maji Maji ikalipuka kusini, na Desemba akapokea Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kifua kikuu. Angeweza kupumzika. Mwaka 1906 akarudi, safari hii visiwa vya Sese, Uganda, ambako malale ilikuwa imeua watu zaidi ya 200,000 kuzunguka ziwa. Akaweka kambi kisiwa cha Bugala. Wagonjwa walifika kwa mitumbwi, siku nyingine walipita elfu moja. Alikuwa na dawa moja, atoksili, yenye arseniki ndani. Dozi ya kwanza iliwapa nafuu kwa muda, kisha vimelea vikarudi. Akaiongeza mara mbili. Wagonjwa wakalalamika maumivu na kizunguzungu, wengine wakakimbia kambi. Zaidi ya 20 wakapofuka macho moja kwa moja. Ndipo akaipunguza. Hakuna mahali panapoonyesha kwamba watu wale waliulizwa kama wanakubali kujaribiwa, na Berlin asingethubutu kumfanyia mtu hivyo bila kelele. Alishauri wagonjwa watengwe kambini, na kambi zikajengwa upande wa Wajerumani, Kigarama na Shirati. Alishauri pia mamba wauawe kwa sababu ndorobo wananyonya damu yao. Msaidizi wake, Friedrich Kleine, alibaki na ndiye aliyeonyesha mwaka 1909 jinsi vimelea vinavyokua ndani ya ndorobo kabla ya kumfikia mtu, kitu ambacho bosi wake alikitafuta Amani na hakukimaliza.

Mzee aliondoka mwaka 1907, hakurudi tena. Moyo ulianza kumsumbua na tarehe 27 Mei 1910 akafia Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Mwili ulichomwa, majivu yakawekwa ndani ya ukuta wa taasisi yake Berlin, ambayo leo inaitwa Taasisi ya Robert Koch. Emmy, aliyempa ile hadubini, aliishi miaka mitatu zaidi.

Mdau uliyewahi kuotesha mkojo, au unayefanya kazi maabara, sema hapo chini ulikutana na nani kwenye sahani na majibu yalichukua siku ngapi. Na kama kuna mzee nyumbani kwenu anayekumbuka homa ya papasi ya zamani, muulize ilikuwaje, uje utuandikie.